Kamba ya Mama Mkwe kwenye Nguzo ya Taa

Vijana wangu mafundi, jana niliwaona hapa Ngokolo mmekuja na lile gari lenye kikapu. Mmoja wenu alisimama ndani ya kikapu akapandishwa mpaka kwenye taa huku anaongea na simu, akatoa globu mbovu, akaweka nzima, akashushwa. Hakushika ngazi wala hakushikiwa ngazi. Nilikuwa nimekaa kibarazani na kikombe changu cha uji, na uji ukanipolea mkononi. Mwenzenu akanipa shikamoo, nikamwitikia marahaba, kisha akaniuliza kwa utani kama enzi zetu taa za barabarani zilikuwepo. Nikamwambia zilikuwepo. Akauliza, sasa mlikuwa mnazifikiaje? Nikafungua mdomo nikajikuta sijui nianzie wapi, maana jibu lenyewe lina mama mkwe ndani yake, na dereva wenu alishaanza kupiga honi.

Basi nimeamua kuandika. Mkiona mahali nimechanganyikiwa msidhani ni uzee. Nilichanganyikiwa siku ile ile jambo lilipotokea, na mpaka leo kuna mambo sijayapanga vizuri kichwani.

Nilifanya kazi kwenye mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita, miaka michache baada ya ile vita kuu ya pili kwisha. Jina la mgodi tuliache. Umeme ulitoka kwenye enjini ya mgodi wenyewe, ikinguruma mchana na usiku, na barabara yenye taa ilikuwa moja tu. Ilianza kwenye nyumba ya enjini, ikapita ofisini na stoo, ikateremka mpaka kwenye laini, yaani nyumba za wafanyakazi. Nguzo zilikuwa za mbao. Juu ya kila nguzo kulikuwa na mkono wa chuma, na mwisho wa mkono ikaning'inia taa yenye kofia ya bati. Kuzitunza taa hizo ilikuwa kazi ya watu wawili, Fundi Petro na mimi, Shija. Yeye alipanda. Mimi nilishika ngazi.

Msiicheke kazi ya kushika ngazi. Ile ngazi ilikuwa ya mbao nzito, tunaibeba wawili begani, na ikisimama lazima mtu aikanyage chini kwa mguu mmoja na kuikumbatia kwa mikono miwili. Barabara yenyewe ilikuwa ya kokoto na inateremka. Ukiilegeza kidogo tu, miguu yake inaanza kutambaa.

Fundi Petro alikuwa Msumbwa wa Ushirombo, Mkatoliki, mwembamba, mwenye sauti ndogo. Alipiga ishara ya msalaba kabla ya kupanda, na akishuka anapiga tena. Nikamuuliza mara moja kwa nini mbili. Akasema ya kwanza ni ya kuomba na ya pili ni ya kushukuru, na nikianza kupanda nisije nikazichanganya. Alinifundisha mengine pia, nanyi yachukueni, hayajaoza. Ukitoa fyuzi, usiiache mezani kwa mtu wa enjini hata kama ni ndugu yako. Itie mfukoni mwako upande nayo. Ukitaka kujua kama waya una moto, yaani umeme umo, na huna chombo cha kupimia, usiguse kabisa, rudi chini ukatafute. Ukilazimika kugusa bati la taa, gusa kwa mgongo wa mkono, kwa sababu kiganja kikipigwa na umeme kinafumba na kung'ang'ania. Globu zibebe ndani ya pamba. Pamba kwetu Usukumani haikukosekana. Na kabla ya kufungua kofia ya bati igonge kwanza kwa bisibisi usikilize, maana nyigu walizipenda zile kofia kuliko sisi.

Mimi umeme sikuuelewa. Nakiri. Fundi Petro alinieleza kwamba unakwenda na kurudi, nikamuuliza ukirudi unakuwa umeleta nini, akasema tubebe ngazi.

Kulikuwa na usumbufu mwingine ambao ninyi hamuujui. Mchana taa zote zimezimwa, kwa hiyo huwezi kujua ipi ni mbovu. Jioni zikiwaka unaijua, lakini sasa waya una moto. Tukakubaliana na mlinzi kwamba jioni akiona nguzo yenye giza aifunge kitambaa, sisi tuje mchana, fyuzi mfukoni, tubadilishe. Jambo zuri kabisa. Wiki ya kwanza mbuzi wakala vitambaa viwili. Wiki ya pili tukakuta nguzo sita zimefungwa vitambaa, tukapanda zote, globu zote nzima. Kumbe akina mama wa laini waliona nguzo zinafungwa vitambaa, wakadhani ni za kuanikia. Mlinzi akabadilisha, akawa anachora alama kwa mkaa.

Sasa niwaambie juu ya mke wangu, Kabula. Nilikuwa nimemwoa miezi mitatu tu wakati huo. Kwao hakukuwa mbali, mwendo wa asubuhi moja tu, na mama yake alikuwa mjane aliyesokota kamba za katani, zile za kufungia ng'ombe. Watu walitoka vijiji vya mbali kuzinunua. Hayo yote niliyasikia kwa Kabula, kwa sababu mimi mama mkwe wangu sikuwa nimemtazama usoni hata mara moja. Ndivyo tulivyolelewa nyumbani kwetu. Mkwe ni mtu wa heshima ya juu kabisa. Ukimwona anakuja njiani, unaiacha njia. Unaingia porini, au unajificha nyuma ya ua, au ukikosa pa kujificha unachuchumaa na kumpa mgongo mpaka apite. Naye hivyo hivyo, akikuona wewe kwanza anageuza uso. Hakuna aliyenifundisha kwa maneno. Nilimwona baba yangu akiruka mtaro akiwa na mzigo wa kuni kichwani, basi nikajua.

Siku jambo lilipotokea ilikuwa saa kumi alasiri, mvua ilikuwa imenyesha mchana na kokoto zilikuwa bado na maji. Nguzo yenyewe ilikuwa ya karibu na laini, penye ua mrefu wa minyaa. Fundi Petro alikuwa juu, mkono mmoja umeshika mkono wa chuma, mwingine unazungusha globu. Alikuwa ananisimulia jambo, nadhani juu ya mtumbwi wa mjomba wake. Mimi nimeikumbatia ngazi, shavu langu kwenye mbao, ninaitazama barabara.

Ndipo nikamwona mwanamke anateremka na kikapu kichwani. Nilimjua kwa nguo. Kabula alikuwa ameninong'oneza siku ya harusi, yule mwenye kitenge cha manjano ndiye mama. Ni kitenge kile kile, na anakuja moja kwa moja.

Nawaambia kweli, sikuamua. Kama ningeamua ningeweza leo kuwaambia nilifikiri hivi na hivi. Sikufikiri. Miguu yangu ilikwenda. Nilipopata akili nilikuwa nimechuchumaa katikati ya minyaa, utomvu unanichuruzika usoni, na nyuma yangu nikasikia ngazi inakwaruza kokoto, kisha kishindo, kisha bati la taa likibingirika barabarani.

Mtu wa kwanza kumfikia Fundi Petro alikuwa mama mkwe wangu. Naye alikuwa ameniona na alikuwa ameshageuka, lakini aliposikia kishindo alitupa kikapu akakimbia. Niliona kupitia kwenye matawi. Alipiga magoti, akamweka kichwa mapajani, akawa anamfuta damu puani kwa ncha ya kitenge. Mguu wa Fundi Petro ulikuwa umelala vibaya, mguu haulali hivyo. Nami nilikuwa hatua kumi kutoka pale na siwezi kutoka, kwa sababu yeye yupo pale. Nikitoka nitamtazama. Nisipotoka rafiki yangu anakufa. Nilinyanyuka nusu, nikachuchumaa. Nikanyanyuka tena. Jicho la kulia lilikuwa linaungua kwa utomvu na lilikuwa haliwezi kufunguka.

Fundi Petro akaita, "Shija." Sauti ndogo ile ile.

"Naam," nikajibu kutoka kwenye minyaa.

Mama mkwe akavuta kitenge chake akajifunika uso wote. Kisha akasema, si kwangu, bali kwa hewa tu:

"Mwambieni aliye kwenye minyaa aje. Mimi nimefumba macho."

Nikatoka. Tukambeba Fundi Petro, mimi na wachimbaji wawili waliofika, mpaka zahanati ya mgodi. Michembe aliyoleta mama, vile viazi vikavu, ilikuwa imetapakaa barabarani, na hakuna aliyeiokota.

Mkubwa wa umeme alikuwa mzungu tuliyemwita Bwana Ngoja, kwa sababu kila ulichomwambia, kizuri au kibaya, alijibu kwanza "ngoja". Alifika zahanati, akamuuliza Fundi Petro imekuwaje. Fundi Petro akamwambia ameteleza mwenyewe. Mimi nimesimama pale mlangoni, nasikia. Nikafungua mdomo, Fundi Petro akanitazama kwa namna ya kuniambia nifunge. Nikafunga.

Bwana alipoondoka nikamuuliza kwa nini amedanganya. Akasema, "Wewe una mke wa miezi mitatu. Na mimi nimekufundisha miaka miwili, sina nguvu ya kuanza na mwingine." Kisha akasema kwamba hata yeye kwao Ushirombo angekimbia. Nikamuuliza, hata kama kuna mtu juu ya ngazi? Akasema hajui. Nami sijui mpaka leo.

Lakini uongo wake ulimgeuka. Mganga wa zahanati alisema mguu utaunga, ila goti halitakunjika tena. Bwana Ngoja alipopewa habari hiyo akasema kwamba fundi wa taa ni mtu wa kupanda. Plasta itakapotolewa, Petro akiweza kupanda atabaki. Asipoweza, arudi kwao, tena kwa kuwa ameteleza kwa uzembe wake mwenyewe asitafutiwe kazi nyingine. Fundi Petro hakulalamika. Aliniambia tu, siku nilipompelekea uji, kwamba ameondoka Ushirombo kijana, na mashamba yalishagawanywa kwa wadogo zake. "Nikirudi wataniuliza ninajua kufanya nini," akasema. "Nitawaambia najua kubadilisha taa. Kule hakuna hata moja."

Kesho yake nikaenda ofisini kukiri. Bwana Ngoja Kiswahili chake kilikuwa cha kuagiza tu, kwa hiyo kati yetu alikaa Karani Salimu, mtu wa Tanga, msafi, kalamu sikioni. Nikamwambia Fundi hakuteleza, mimi niliiacha ngazi. Kwa nini? Kwa sababu nilimwona mkwe wangu. Karani akatoa kalamu sikioni. Akauliza kama huyo mkwe alinisukuma. Nikasema hapana, alikuwa mbali, kama kutoka hapa mpaka kwenye tangi la maji. Akauliza kama alinitukana. Nikasema la, ni mama mwema, alikuwa anatuletea michembe. Akauliza kama basi niliikimbilia michembe. Nikasema niliikimbia, yaani nilimkimbia yeye, kwa heshima. Karani akaweka kalamu chini. Akasema kwao Tanga mtu akimheshimu mkwe wake humpokea mzigo.

Alimtafsiria Bwana, na Kiingereza chake kilikuwa kirefu kuliko maneno yangu, jambo lililonitia wasiwasi. Jicho langu la kulia lilikuwa bado linatoka machozi kwa ule utomvu. Bwana akadhani ninalia, akaamuru nipewe kiti. Akaniuliza swali moja kwa mdomo wake mwenyewe: "Mama gusa ngazi?" Nikasema hakugusa. Akasema, "Ngoja." Akaandika, akakata, akaandika tena.

Baada ya siku mbili tukaona tangazo limebandikwa kwenye ukuta wa stoo. Lilisema ni marufuku kwa mama wakwe wote kupita barabara ya taa saa za kazi.

Sijawahi kuona kambi iliyochanganyikiwa kama ile. Watu walinijia mimi, kama vile nimelitunga. Mmoja akauliza baba wakwe je, wao wanaruhusiwa? Mwingine mkwe wake alikuwa bado hajawa mkwe, mahari haijakamilika, anahesabiwaje? Mama mmoja muuza maandazi, ambaye binti zake wote walikuwa wameolewa pale pale kambini, akawa anazunguka nyuma ya stoo na ndoo yake kama mwizi. Wakristo wakadhani ni amri ya Waislamu na Waislamu wakadhani ni amri ya misheni. Mvua ya wiki ile ikalibandua tangazo, na hakuna aliyelirudisha. Kwa Fundi Petro halikusaidia lolote. Bwana aliamini kwamba mama mkwe alipita, lakini hakuamini kwamba mimi niliiacha ngazi. Alidhani ninajitwisha kosa la rafiki yangu, akamwambia Karani kwamba mimi ni kijana mwenye moyo mzuri, ila nizungumze mambo yanayoeleweka.

Nikarudi kwenye zahanati nikamweleza Fundi Petro yote. Akacheka mpaka mguu ukamuuma. Halafu akatazama dari, pale paliponing'inia globu moja kwa waya, akasema kana kwamba anaongea peke yake kwamba kanisani kwao, alipokuwa anatumikia misa, mbele ya altare kulikuwa na taa ya mafuta, juu kabisa. Kila asubuhi walikuwa wanaishusha kwa kamba, wanatia mafuta, wanaipandisha. Padri mwenyewe alikuwa mzee, hakupanda hata kwenye kigoda.

Nikamwambia hiyo ni habari nzuri. Nikachukua bakuli la uji nikaenda zangu. Ndiyo, vijana, nilikwenda zangu. Ilinichukua siku nne. Siku ya tano ninabeba ngazi peke yangu, naiburuta nusu ya njia, nikasimama katikati ya barabara. Kama taa inaweza kushuka, kwa nini mtu apande? Nikaiacha ngazi pale pale nikakimbia zahanati. Fundi Petro akaniambia alikuwa anangoja kuona nitachukua muda gani.

Tukaichora kwenye plasta yake kwa mkaa, maana karatasi hatukuwa nayo. Mwisho wa mkono wa chuma tunafunga kapi, lile gurudumu dogo linalopitisha kamba, na kapi la pili kwenye nguzo. Kamba inatoka kwenye kofia ya taa, inapita kwenye makapi yote mawili, inateremka na nguzo mpaka usawa wa kifua, inafungwa kwenye chuma chenye pembe mbili. Waya wa umeme unaletwa chini ndani ya bomba mpaka kwenye kisanduku cha bati chenye kufuli. Hapo panakuwa na soketi. Kutoka soketi kwenda kwenye taa unatumika waya laini wenye mpira. Taa ikiharibika unafungua kisanduku, unachomoa plagi, na plagi unaiona kwa macho yako kwamba imechomoka, huhitaji kumwamini mtu wa enjini wala fyuzi. Ndipo unalegeza kamba, taa inakujia mpaka kifuani. Mtu mwenye goti lisilokunjika anaweza kufanya hivyo. Hata padri mzee anaweza.

Makapi tuliyapata kwenye chuma chakavu. Tatizo likawa kamba. Kamba za mgodi zilikuwa za mashimoni, na mtu wa stoo alikataa hata nilipomweleza kwa utaratibu. Nadhani nilimchanganya. Nikamsimulia Kabula jioni, si kwa kuomba, nilikuwa ninanung'unika tu.

Baada ya siku nne nikakuta mlangoni robota la kamba. Ya katani, mpya, nyeupe, imesokotwa nyuzi tatu na kukazwa hivi kwamba ukiikunja inakataa. Kabula akaniambia imetoka kwa mama. Nikamuuliza mama amesemaje. Kabula akaona haya, akainama akapuliza moto ambao ulikuwa tayari unawaka.

"Amesema hii ni ya kufungia," akasema. "Ili siku nyingine ukikimbia, usiue mtu."

Nilikaa chini. Kumbe alikuwa anajua. Nilikuwa nimeona aibu wiki zile zote nikidhani yeye anaamini Fundi aliteleza, hajui kwamba niliiacha ngazi kwa kumkimbia yeye. Na yeye, Kabula akaniambia, alikuwa na aibu yake, kwamba laiti angekuja siku nyingine, au angepita njia ya nyuma. Kati yetu hakuna aliyeweza kumwambia mwenzake pole. Kamba ile ndiyo ilikuwa pole.

Kipande cha kwanza nilikitumia kwenye ngazi, kwa sababu ili kufunga makapi ilibidi mtu apande mara moja ya mwisho, na safari hii nilikuwa mimi. Nilifunga miguu ya ngazi kwenye nguzo, mizunguko mitatu na fundo, kabla ya kuweka mguu kwenye kipandio cha kwanza. Ngazi haikutikisika. Dakika mbili za kufunga kamba, vijana, na tulikuwa tumepanda miaka miwili bila hizo dakika mbili. Hili nalo silielewi. Nikapiga ishara ya msalaba ingawa mimi si Mkatoliki, na juu kule nikasahau kama niliomba au nilishukuru.

Tulimwita Bwana Ngoja aje aone. Mara ya kwanza tuliaibika. Taa ilipanda vizuri, ikafika robo tatu ya njia, ikagoma. Nikavuta, ikagoma. Tulikuwa tumekata waya laini mfupi. Bwana akasema "ngoja", kisha akasema plasta inatolewa Jumatatu na Jumanne atakuja mara ya mwisho, akaondoka.

Jumanne saa kumi tukawa pale, kwenye nguzo ile ile. Waya tulikuwa tumeuunga upya, mrefu. Fundi Petro alikuwa na fimbo, mguu umenyooka kama nguzo nyingine. Bwana Ngoja alikuwa na kofia yake, Karani Salimu yuko kando yake na kalamu. Amri ya Bwana ilikuwa hii: Petro abadilishe taa mbele yake, na asisaidiwe ila kuvuta tu; ikiwaka, atabaki. Taa ilikuwa bado chini, kwa hiyo mimi nikashika kamba, nikaivuta ili kazi ianzie juu, taa ikapanda, ikawa inakaribia juu kabisa. Bado kidogo ifike.

Nikatazama barabara. Kitenge cha manjano.

Safari hii nilipata nafasi ya kufikiri, na nilifikiri mambo mengi kwa wakati mmoja, sikuyapanga. Nikiiachia kamba taa inaanguka mbele ya Bwana na Fundi Petro anakwenda Ushirombo. Nikibaki nimeishika namtazama mkwe wangu usoni mbele ya kambi nzima. Miguu ilishaanza kugeuka. Mikono ikakataa. Nikaivuta taa mpaka juu, nikaizungusha kamba kwenye pembe za chuma mara moja, mara mbili, nikaikaza, nikaivuta kuijaribu. Ilikaa. Ndipo nikakimbia.

Kwa hiyo, vijana wangu, jambo kubwa kuliko yote katika kazi yangu nililiona nikiwa kwenye minyaa, kwa jicho moja, maana utomvu ulikuwa umeniingia tena kwenye lile la kulia. Bwana Ngoja aligeuka akaniulizia. Karani Salimu akamjibu kwa neno moja, na neno hilo lilikuwa la Kiswahili: "Mkwe." Bwana akaitazama kamba iliyofungwa. Akautazama ua. Akamtazama mwanamke anayekuja na kikapu. Akarudisha macho kwenye ile ngazi iliyolala kando ya mtaro. Kisha akavua kofia na kusogea kando ya njia, na mpaka leo sijui alikuwa ameelewa nini.

Fundi Petro hakungoja. Aliegemeza fimbo kwenye nguzo, akafungua kisanduku, akachomoa plagi. Akalegeza kamba polepole, taa ikamjia mpaka kifuani kama ndama. Akagonga kofia ya bati, akasikiliza nyigu. Akatoa globu ya zamani, akatoa mpya kwenye pamba, akaifunga. Akaipandisha mwenyewe, mkono juu ya mkono, akafunga kamba mara mbili. Akachomeka plagi. Nyumba ya enjini ilikuwa imeshaamriwa kutia umeme kwenye waya wa taa zetu. Hakuwa amenyanyua mguu hata mmoja kutoka ardhini. Akapiga ishara ya msalaba mara moja tu.

Mama mkwe alikuwa amesimama anaitazama kamba yake. Jua lilikuwa bado kali na mimi kutoka kule ndani, na jicho langu lile, sikuweza kujua kama taa imewaka au la. Naye hakuondoka, kwa hiyo sikuweza kutoka kuangalia. Sijawahi kungoja jambo kama nilivyongoja pale.

Ndipo akavuta kitenge akajifunika uso, akasema kwa hewa:

"Mwambieni aliye kwenye minyaa, imewaka."

Nikamwomba Fundi Petro amwambie kwamba nimesikia, na kwamba kamba imeshika.